Mstari Uliokunjwa

4 Februari

Kitinda wangu,

Salamu kutoka chumba namba sita, ofisi ya ramani, ambako feni limekufa tena na bosi ametuambia tulichukulie kama pambo. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, ila anakulalamikia. Anasema mtoto wa mwisho aliyeenda mbali namna hiyo angalau angekuwa na heshima ya kunenepa.

Kwanza nakushukuru. Kile kijalizo chako nilipokiweka kwenye programu yangu ya kuandikia msimbo, mwaka juzi, nilidhani unanitania. Unajua nilivyokuwa nikiteseka. Ili ramani moja itoke kwenye seva yetu ifike kwenye simu ya mtu, ilinibidi niandike faili la mistari mia mbili kwa mkono: jina la tabaka, data iko wapi, mipaka yake, vipimo vyake, nani aruhusiwe kuliona. Ukikosea mkato mmoja, ramani nzima inagoma. Siku hizi naandika mistari mitano, nabonyeza kitufe, kijalizo kinajaza iliyobaki na kuikunja pembeni nisiione. Faili linabaki fupi, lina adabu zake.

Sasa nina ombi. Mafaili yangu ni maneno na namba tupu. Nina matabaka arobaini na mawili ya ramani, moja la barabara, jingine la mabomba, na kusema kweli mengi sijawahi kuona yanafananaje. Nikishaona kwenye orodha yamewaka kijani, nahamia jingine. Je, kijalizo kinaweza kunichorea ramani ndogo pembeni wakati naandika?

Jumapili nilikuwa kwa Mama. Ukuta wa jikoni umepata ufa mpya, unaingiza kidole. Yeye anasema nyumba inazeeka pamoja naye, niache kuikodolea macho. Jirani yetu Fundi Saa bado hajarudi kuwa yule tunayemjua. Aprili itatimia mwaka tangu ukuta umwangukie mke wake. Ukimpelekea saa, anaitengeneza, anakurudishia bila neno. Ukuta ule aliujenga kwa mikono yake mwenyewe, na hilo ndilo linalomla.

Jibu kwa barua, hata kama ni ya pepe, siyo vile vikatuni vya simu. Baba hakutufundisha kuandika ili tutumiane nyuso za njano.

Dada Mkubwa

9 Februari

Dada Mkubwa, shikamoo.

Umenifanya nitembee kifua mbele hapa kazini leo. Ofisi zinazotumia kijalizo sasa ni kumi na moja, lakini wakati nakitengeneza nilikuwa na lengo moja tu: dada yangu aache kulia mbele ya kompyuta. Mengine yamekuja yenyewe.

Hiyo ramani ya pembeni inawezekana. Nitumie folda yako yote, mafaili pamoja na nakala ya data. Usinitumie ya mfano. Data ya mfano hukubali kila kitu, kama mgeni wa siku ya kwanza.

Kwa kumtaja mke wa Fundi Saa umenikumbusha, maskini Bi Cherehani wetu. Sare zangu zote za shule alizishona yeye, na kila suruali aliiachia pindo refu, eti nitarefuka. Sikurefuka. Pindo la mwisho lilibaki vilevile hadi namaliza shule, naye kila akiniona alikuwa akiinama kuliangalia, kisha anacheka peke yake. Nilikuwa safarini alipozikwa. Bado inaniuma.

Msalimie Fundi Saa. Mwambie Mama nitakuja mvua zikiisha.

Kitinda

21 Februari

Dada,

Funga mlango wa ofisi kabla hujaendelea kusoma.

Ramani ya pembeni imekubali. Leo asubuhi nimekaa kuipitia folda yako tabaka moja baada ya jingine. Barabara, sawa. Mabomba ya maji, sawa. Shule, sawa. Nikafungua la kumi na tisa, lile linaloitwa mtl_07. Dirisha likawa jekundu lote. Nikadhani nimekosea rangi. Nikakagua msimbo wangu mara mbili, hauna kosa. Nikaisogeza ramani karibu. Nikaona kona ya barabara. Nikaona tangi la maji. Nikaona yale mapaa mawili yanayogusana.

Dada, paa la pili ni letu.

Nikafungua data yenyewe. Ni vipimo vya ardhi vya kilima chote cha nyuma ya nyumbani. Kuna maelezo yaliyoambatanishwa, nakunukulia kama yalivyo: "Mteremko unasogea na kasi inaongezeka. Wakazi wote wa eneo jekundu wahamishwe kabla ya mvua kubwa." Tarehe ni Septemba, mwaka juzi. Miezi kumi na saba!

Halafu nikakunjua mistari ya chini ya faili. Panapoandikwa nani aruhusiwe kuona, pameandikwa "ndani". Maana yake ofisi yenu tu. Mtu yeyote wa nje haoni kitu.

Nani amelificha hili? Faili lina jina lako juu. Niambie siyo wewe. Naandika na kufuta.

Kitinda

21 Februari, jioni

Kitinda,

Nimesoma barua yako nimesimama, mlango umefungwa kama ulivyosema.

Siyo mimi. Naapa kwa kaburi la Baba. Ningejuaje kwamba mtl_07 ni kilima chetu? Nilipewa data, nikapewa jina, nikaandika mistari yangu mitano, nikaenda kunywa chai. Nimelipita faili hilo labda mara mia. Nimelibadilisha vipimo. Nimelihamisha seva. Nimelishika kama mtu anayebeba bahasha iliyofungwa, na ndani ya bahasha ni Mama!

Nimetoka ofisini moja kwa moja hadi kwake. Nimeuangalia ule ufa wa jikoni. Nilikuambia unaingiza kidole. Leo umeingiza kiganja. Mama ameniuliza mbona nimekuwa mweupe midomoni, nikamwambia ni njaa, akanipakulia.

Ni bosi. Hakuna mwingine mwenye uwezo wa kusema tabaka lifichwe. Atakuwa ameogopa watu kuhamaki, au ameogopa kuulizwa watahamishiwa wapi. Keshokutwa akirudi safari namkabili, na akitaka kunifukuza anifukuze.

Dada

24 Februari

Kitinda,

Nakuandikia neno kwa neno, maana mwenyewe bado siamini.

Nimeingia kwa bosi bila kubisha. Alikuwa na mtaalamu wa miamba, yule mzee tunayemwita Babu Nyundo kwa sababu haachi kile kinyundo chake hata akienda harusini. Nikamwuliza bosi mbele yake, "Kwa nini uliificha ramani ya mteremko?"

Akaniangalia kama nimepagawa. Akafungua kabati, akatoa jalada, akanisukumia karatasi. Ni agizo lake, la Septemba ile ile: "Tabaka la mteremko liwekwe wazi kwa umma leo hii. Ofisi ya mtaa iarifiwe." Chini yake kuna neno "Limetekelezwa", na sahihi. Sahihi ni yangu; niliitia bila kuuliza ni mteremko wa wapi wala kufungua ramani.

Babu Nyundo akasema, "Mbona lipo wazi? Mimi naliona kila siku." Akageuza kompyuta ya bosi, na kweli, kilima kipo pale, chekundu. Akaendelea, "Nimewasema sana watu wa mtaa ule. Wabishi. Wameambiwa wahame, wamekaa."

"Nani aliwaambia?" nikamwuliza.

"Ramani."

"Uliwahi kuiangalia ukiwa nje ya ofisi hii?"

Akatoa simu yake, akatoka. Tukamfuata hadi ng'ambo ya geti, mahali mtandao wa ofisi haufiki. Akafungua ramani, akaisogeza kwa kidole, akasimama pale na simu mkononi kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

"Binti yangu," akasema, "hapa kuna barabara na miti tu."

Tumepiga simu ofisi ya mtaa. Wanakumbuka. Waliarifiwa, wakafungua ramani, wakakuta hakuna kitu, wakadhani hatari imefutwa. Hakuna aliyemficha mwenzake, Kitinda. Kila mtu alidhani mwenzake anaona.

Mistari yangu mitano naikumbuka. Neno "ndani" sikuliandika. Angalia upande wako.

Dada

25 Februari

Dada,

Nimeangalia. Ni mimi.

Kijalizo kikikuta mtu hakuandika nani aruhusiwe kuona, kinajaza chenyewe, na nilikiambia kijaze "ndani". Niliona ni busara: heri kitu kifichike kwa bahati mbaya kuliko siri ya mtu ianikwe. Mwanzoni niliweka alama ya njano ya kumwonya mwandishi. Watu wakalalamika alama zinawachosha macho, nawe ulikuwa mmoja wao. Sisemi hivyo ili nikugawie mzigo. Kwenye toleo lililofuata nikaiondoa alama, nikaukunja mstari ule pamoja na mingine. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Niliifanya huku natafuna karanga.

Uliandika mitano ukaamini mingine iko sawa. Kwa nini usiamini? Ni mdogo wako aliyekuambia uamini.

Leo nimewapigia simu ofisi zote kumi na moja, nikawaambia wakunjue mistari yao. Tatu zimekuta vitu vilivyopaswa kuwa wazi. Moja wamekuta orodha ya visima vyenye maji yasiyofaa kunywewa.

Lakini siyo hilo linalonifanya nishindwe kukaa. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia. Agizo lilitoka Septemba. Ukuta ulianguka Aprili. Dada, Bi Cherehani alikuwa na miezi saba ya kuhama.

Tafadhali pokea simu.

Kitinda

5 Machi

Kitinda,

Sikupokea simu zako kwa sababu sikujua ningekuambia nini, na nilichotaka kukuambia nisingeweza kukirudisha mdomoni. Hasira yangu haijaisha. Nusu yake nimejielekezea mwenyewe, kwa sahihi ile.

Sikiliza yaliyofanyika. Nilibadilisha neno lile mbele ya bosi na Babu Nyundo, sote watatu tumeinama kwenye kioo. "Ndani" ikawa "umma". Herufi nne badala ya tano. Siku hiyo hiyo ofisi ya mtaa ikapita nyumba kwa nyumba. Sasa nyumba sitini na tatu zimehamishiwa kwenye majengo ya shule ya zamani na kwa ndugu.

Mama ndiye aliyekuwa kazi.

"Mama, kilima kinahama."

"Kinahamia wapi?"

"Kwako."

"Miaka thelathini na moja hakijanitembelea hata siku moja, leo ndiyo kije?"

Nikalia, hakushtuka. Bosi akaja, hakushtuka. Kisha Babu Nyundo akaingia jikoni, akapiga magoti, akatumbukiza mkono kwenye ufa. Ukazama hadi kwenye kifundo. Mama akautazama mkono ule. Akageuka, akaanza kushusha sufuria moja moja. Yuko kwangu sasa, amelala kitandani kwangu, mimi niko kwenye kochi, na ananiambia kochi langu baya.

Kabati lake lilibebwa na Fundi Saa. Alilibeba peke yake mgongoni, mzee yule, akalishusha bila kukwaruza hata pembe.

Kitinda, usimwambie. Ndiyo kwanza ameanza kula chakula cha mchana. Anaamini mkewe alikufa kwa ajali, na ajali mtu huizoea. Tumwachie hiyo. Nakuomba kama dada yako.

Dada

30 Machi

Kitinda,

Kimeanguka.

Jana, saa nne asubuhi, baada ya siku tatu za mvua. Nilikuwa ofisini, nikasikia kama lori linamwaga mawe, lakini halikumaliza kumwaga. Tulipofika, barabara ilikuwa imekatika, na zaidi yake hapakuwa na mtaa. Tope tu, na bati, na mlango wa bluu wa mtu umesimama peke yake. Nyumba yetu haipo. Jiko halipo. Tangi la maji limeviringika hadi uwanja wa mpira.

Hajafa mtu. Wamehesabiwa mara tatu. Mama amehesabiwa mara nne, maana kila aliyepita alimhesabu upya.

Sasa nikuambie jambo ambalo limenikosesha raha. Tulikuwa tumesimama kwenye kamba ya kuzuia watu, wote wakitazama. Fundi Saa akamsogelea Babu Nyundo.

"Mtaalamu," akasema, "ardhi hii ilianza kusogea mwaka huu?"

"Hapana, mzee. Zamani."

"Mwaka jana ilikuwa inasogea?"

"Ilikuwa inasogea."

"Sasa ukuta wangu?"

Babu Nyundo akavua kofia. "Niliukagua msingi wake wiki iliyopita. Ukuta wako ulikuwa mzima. Ardhi ndiyo iliutoroka chini."

Fundi Saa akakaa kwenye tope, na suruali yake safi. Akasema mwaka mzima amekuwa akijiuliza alibania saruji tofali gani. Mwaka mzima, Kitinda! Hakuwa amezoea chochote. Alikuwa anaamini amemuua mkewe.

Kisha akainua uso. "Mlijua lini?"

Babu Nyundo akanitazama mimi. Nikasema, "Sina hakika, mzee wangu." Nimemdanganya usoni, na yeye akaniitikia, akanishukuru kwa kumhamisha Mama mapema.

Nilichokuomba mwezi huu nakifuta. Mimi nitakwenda kumwambia langu la sahihi. La kwako ni lako.

Dada

3 Aprili

Kwa Fundi Saa,

Shikamoo, mzee wangu. Ni mimi, mtoto wa mwisho wa jirani yako, yule mfupi.

Kazi yangu ni kutengeneza programu. Nilitengeneza moja ya kumsaidia dada yangu na wenzake kuandaa ramani ambazo watu wote wanaziona kwenye simu. Septemba ya mwaka juzi, wataalamu walipima kilima wakajua kinasogea. Wakaagiza ramani ya hatari iwekwe wazi na watu wahamishwe. Dada yangu aliiandaa. Programu yangu iliongeza neno moja ambalo yeye hakuliandika wala hakuliona, na neno hilo likaifanya ramani isionekane na mtu yeyote nje ya ofisi. Hakuna aliyekusudia. Lakini mimi ndiye niliyechagua neno lile, na mimi ndiye niliyelificha machoni mwa mwandishi, kwa sababu nilitaka ukurasa upendeze.

Kama lisingekuwepo, ofisi ya mtaa ingekuja mlangoni kwako miezi saba kabla ya siku ile. Wewe na Bi Cherehani mngekuwa mmehama.

Ukuta wako haukumuua. Ulijenga vizuri. Nimelijua hili tangu Februari, nikanyamaza wiki tano wakati wewe unaendelea kujilaumu. Hilo nalo ni kosa, na hili sikulifanya kwa kutojua.

Sikuombi msamaha, naona ni mapema mno na labda si haki. Nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Mimi, kijana wa jirani

12 Aprili

Kijana,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa habari za programu. Mara ya pili nikaelewa. Mara ya tatu nikatoka nayo nje, maana ndani hapakuwa na hewa.

Nilidhani siku nikijua siyo mimi, nitapumua. Kweli nimepumua. Siku mbili. Siku ya tatu ikaja hasira ambayo mwaka mzima ilikuwa inanila mimi, ikakuta mimi sipo, ikawa inazunguka chumbani. Kisha barua yako ikafika.

Dada yako alikuja. Alipiga magoti, nikamwambia ainuke, sakafu ya shule hii ni ya baridi. Nikamwuliza kuhusu ile sahihi, akajibu. Nikamwuliza tena, akajibu vilevile. Nimemheshimu kwa hilo. Mama yako naye alikuja, akakaa saa nzima hakusema neno, na unajua mama yako alivyo.

Unasema huombi msamaha. Umefanya vizuri, maana sina. Nimeutafuta, sikuuona. Sisemi hautakuja. Nasema leo haupo.

Mke wangu alikupenda. Alikuwa akisema yule mtoto ana kichwa, tatizo miguu. Ndiyo maana barua haitoshi. Karatasi haina macho, siwezi kujua ulikuwa na uso gani ukiandika "miezi saba". Njoo. Sijui nitakufanya nini ukifika, huenda nikakupiga, huenda nikakupa kiti. Kaburi lake liko ng'ambo, tope halikufika. Tutakwenda wote wawili, na hayo uliyoniandikia mimi utamwambia yeye, kwa sauti, na mimi nitasimama nyuma yako nisikilize.

Fundi Saa

14 Aprili

Mzee wangu,

Nimepata basi la Alhamisi. Nafika saa nane mchana. Nitakuja kwako kwanza, kabla sijaenda kwa Mama.